Fundi Aliyemaliza kwa Mdomo

Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi, ukimpelekea fundi kitambaa, ujue mchezo umeanza. Una arusi Jumamosi, unamwambia ni Alhamisi. Yeye anajua kwamba Alhamisi yako ni Jumamosi, basi anatia mkasi Ijumaa. Ukipita katikati ya wiki kuuliza, anakuambia nguo imekwisha, imebaki kupigwa pasi tu, na wakati huo kitambaa chako kiko kwenye mfuko vilevile ulivyokileta, hata mkunjo haujafunguka. Unasema aksanti, unakwenda zako. Hakuna anayekasirika, kwa sababu hakuna aliyedanganyika. Desturi hiyo tulitoka nayo kwetu Kongo, Uvira na Fizi, tukavuka nayo mipaka, na huku Malawi tunaishi nayo vizuri tu.

Katika mchezo huo bingwa alikuwa Byamungu. Mimi ni Béatrice, wengi wananiita Mama Gentille. Nauza mandazi kwenye baraza moja na yeye, cherehani yake kushoto, karai langu kulia, kwa hiyo haya ninayosema sikuambiwa na mtu. Nimemsikia akimhakikishia mama mmoja kwamba gauni lake limekwisha, na mama mwenyewe ameukalia mfuko wenye kitambaa. Lakini usije ukadhani ni fundi mbovu. Kola ya Byamungu haipindi, mfuko wake hauchaniki, pindo lake unaweza kulivaa ndani nje na watu wasigundue. Watu walivumilia mdomo kwa ajili ya mikono.

Kwa miaka mingi mdomo wake wa Kiingereza ulikuwa binti yake, Elodie. Mteja akija kutoka Lilongwe, Elodie ndiye aliyeongea, baba anapima na kuitikia kwa kichwa. Elodie akaolewa Mchesi, mjini Lilongwe, akaondoka na Kiingereza chake. Byamungu akabaki na Chichewa cha sokoni, zikomo na bwanji, asante na hujambo, ambacho kinatosha kununua nyanya lakini hakitoshi kuelewana habari za mikono ya shati. Bwana mmoja alitaka mikono mirefu, akapewa mifupi, akaondoka amenuna. Siku hiyo fundi alinigeukia akasema:

"Mama Gentille, mi naenda kusoma Kingereza kwa ule binti Niyigena. We utakuya?"

"Na mandazi nimuachie nani?"

"Masomo iko saa kumi. Ile saa mandazi yako imeishaka."

Nikaenda. Kwa kweli nilikwenda kumcheka tu, nikajikuta nimebaki.

Niyigena ni binti wa Kinyarwanda aliyekulia Kongo. Ni mwembamba, ana sauti ndogo, na darasani hacheki hata umtekenye. Alikuwa akitufundisha kwenye jengo la kanisa, sisi watu wazima tumebanana kwenye viti vya kwaya. Siku ya kwanza alifungua kitabu kilicholetwa na wafadhili, akakuta John anapiga mpira, akakifunga.

"Hapa hakuna John," akasema, "na mupira hakuna. Kila mutu ataleta sentensi yake mwenyewe, ya maisha yake. Na ikuwe ya kweli. Ya uongo sitasahihisha."

Tukagundua kwamba nyakati za Kiingereza si mlima kama tulivyoogopa. Kazi uliyoimaliza na matunda yake bado yako mbele ya macho ina umbo lake. Kazi ambayo mikono imo ndani yake sasa hivi, ile ambayo sisi Wakongomani tunasema "niko nashona", ina lake. Iliyopita ikabaki huko huko jana ina lake, na ya kila siku, na ya kesho, kila moja na nguo yake. Watu walichanganya, wakachoka, wakamuuliza Niyigena namna ya kuchagua. Alijibu jibu lile lile kila siku.

"Musiangalie kitabu kwanza. Muangalie kazi. Kazi iko wapi? Kisha mutachagua."

Mimi mwenyewe nilinaswa. Nilisimama nikasema kwa madaha, I am selling mandazi. Niyigena akanitazama mikononi. "Sasa hii? Iko wapi?" Karai langu lilikuwa nyumbani, limeoshwa, limefunikwa. Ikabidi nirudie kwamba nauza mandazi kila siku, kwa umbo la kila siku, na darasa zima likanipigia makofi ya dhihaka.

Byamungu yeye alipenda umbo moja tu katika Kiingereza chote: I have finished. Nimemaliza. Alilitamka kama mtu aliyekiona kiatu chake kilichoibwa. Jioni moja alisimama akasema, bila kukosea hata herufi, kwamba amemaliza suruali ya Pasteri Mulenda. Bahati mbaya Pasteri Mulenda alikuwa mwanafunzi mwenzetu, amekaa kiti cha mbele, magoti ya suruali yake ya zamani yanachungulia nje.

"Aleluya," akasema Pasteri. "Iko wapi?"

Tulicheka hadi viti vikalia. Niyigena akangoja tunyamaze.

"Kingereza iko muzuri kabisa, Fundi. Lakini alama siweke. Kazi iko wapi?"

"Madame, imebakia pasi tu."

Njia nzima ya kurudi alilalamika. Mwalimu wa lugha, alisema, anahukumu lugha, suruali haimhusu. Nami, nikiwa na njaa na miguu inauma, nilimwambia anyamaze.

Kumbe wakati anabishana na suruali, jambo kubwa lilikuwa linamjia. Mai Chisale, yaani Mama Chisale kwa Chichewa, ana shule ya chekechea huko Likuni, pembeni ya Lilongwe. Alikuwa ameona blauzi iliyoshonwa na Byamungu ikivaliwa na jirani yake, akaulizia, akaja Dzaleka na gari dogo lililojaa vumbi. Alishuka na kitambaa cha buluu na joho moja dogo la mfano, pamoja na kofia yake ya pembe nne, kwa sababu watoto wa chekechea siku hizi nao wanahitimu kabla ya kwenda darasa la kwanza, wazazi wanakuja na simu zao kupiga picha. Aliongea Kiingereza cha polepole, na fundi alikielewa mwenyewe bila Elodie. Niliona shingo yake ikirefuka.

Sherehe ni Jumamosi, akasema Mai Chisale. Majoho anayataka Ijumaa saa sita mchana. Yakitoka vizuri, atampa Byamungu sare za shule nzima, mwaka hadi mwaka. Mafundi wa mjini ameachana nao.

"Kwa nini?" akauliza Byamungu.

"Wanamaliza kwa mdomo," akajibu yule mama.

Byamungu alicheka kwa sauti, akatikisa kichwa, akamhurumia. Mimi nililitazama karai langu.

Sare za shule nzima si jambo la kuchezea. Tangu chakula cha msaada kipunguzwe, watu wa hapa hawashoni vipya, wanaleta viraka. Byamungu alikuwa amefikia kufikiria kuuza cherehani. Aliniambia mara moja tu, akitazama pembeni, na hakurudia. Fundi anayeuza cherehani hapa kambini hanunui nyingine. Anaishia kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, na mikono ile inayoweza kola inashika jembe. Kwa hiyo majoho yale madogo ndiyo yaliyokuwa yamebeba cherehani yake, na yeye alijua.

Alijua, na bado akafanya kama fundi. Aliusukuma mfuko wa kitambaa chini ya meza, akavuta vitenge vya ukoo wa Irangabiye waliokuwa na arusi.

"Na majoho?" nikamuuliza.

"Jumamosi yake ni ya wiki ingine. Muteja hasemake siku ya kweli."

"Ule mama ni Mumalawi. Hajue muchezo yetu."

"Mama Gentille, muteja ni muteja."

Wiki ikakatika katikati. Jumatano asubuhi simu yake ikaita. Alitazama jina, akasimama, akajinyoosha shati, kana kwamba Mai Chisale anamwona. Nikamsikia akisalimia vizuri, akauliza habari za shule vizuri, halafu likatoka, tamu, limenyooka, kila herufi mahali pake: "Madam, I have finished."

Sikumlaumu mara moja. Nadhani hata yeye hakusikia alichosema. Mdomo wa fundi ukiulizwa swali hilo unajijibu wenyewe. Lakini upande wa pili hakukuwa na mtu wa kambini wa kusema aksanti na kwenda zake. Kulikuwa na mama aliyefurahi sana. Akasema, nilimsikia kwa sababu simu ya Byamungu inapiga kelele, kwamba ni vizuri mno, basi anakuja kesho asubuhi kuyachukua, watoto wayajaribu mapema.

Fundi alikaa. Hakukaa kwenye kiti. Alikaa kwenye vitenge vya Irangabiye.

"Mama Gentille," akasema baadaye. "Kesho akifika, umwambie niko kwa musiba."

"Musiba ya nani?"

"Ya mutu yeyote."

"Mi siui mutu juu ya manguo," nikamwambia, na nilikuwa nimekasirika kweli. "Tafuta mwingine wa kukuzikia."

Alinitazama, akainuka, akaondoka haraka kuelekea kwa Niyigena. Nikafunika mandazi yangu, nikamfuata, kwa maana mambo kama hayo si ya kusimuliwa na wengine.

Niyigena alikuwa anafua. Byamungu alisimama mbele ya beseni kama mtoto aliyeitwa na mkuu wa shule.

"Madame, unipatie wakati mumoja wa Kingereza, ule wa katikati. Wa mutu mwenye hajaanza kazi, lakini iko karibu kumaliza."

Niyigena akakamua shuka. "Hauko."

"Hata katika Français?"

"Hata katika Français." Akaitundika shuka kambani, akajifuta mikono. "Fundi, kazi iko wapi?"

Nilitamani kumjibia, nikajiuma ulimi. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake:

"Iko ndani ya mufuko. Hata sijakata."

Mficha uchi hazai, na hapo ndipo alipojifunua. Nikadhani Niyigena atamhubiria. Hakumhubiria. Alimuuliza atamaliza lini.

"Kesho kutwa," akajibu upesi.

"Siulize siku ya kumuambia ule mama. Nauliza siku ya kumaliza."

Na hapo niliona kitu cha ajabu. Byamungu hakuwa anajua. Mtu mzima, aliyeshona tangu ndevu hazijamtoka, hakujua joho moja dogo linamchukua muda gani, kwa sababu maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza akitaka jibu la kweli. Alianza kuhesabu kwa vidole, mikono, kola, kofia na pembe zake, akakosea, akaanza upya. Nilimwonea huruma hadi hasira zangu zikayeyuka. Peke yangu, akasema, ni Jumapili. Tukiwa wawili, ni Ijumaa saa sita.

Wawili maana yake Mukarutesi. Huyo ni fundi mwanamke wa upande wa pili wa njia, Mnyarwanda, mwepesi wa mikono na mzito wa maneno, na Byamungu alikuwa amezoea kuwaambia wateja kwamba mashono yake yanafumuka. Sasa ilibidi avuke njia. Alivuka. Mukarutesi alimsikiliza mguu wake ukiwa bado kwenye pedali, akakata uzi kwa meno.

"Mashono yangu hayatafumuka?" akauliza.

"Nilikuwa nasema vile juu ya wivu," akasema Byamungu, na watu waliokuwa wamesimama pale wakasikia.

"Lete kitambaa."

Kwa akina Irangabiye nako alikwenda kuomba radhi kwamba vitenge vitachelewa. Wakaangaliana, wakacheka. Arusi yenyewe, wakakiri, ni ya mwezi ujao.

Ikabaki simu. Niyigena alikuja barazani kwetu, akakaa kwenye benchi langu. Hakumwandikia Byamungu neno. Kila alipokwama alimuuliza tu kazi iko wapi, na yeye akatafuta umbo mwenyewe. Kisha akapiga. Alimwambia Mai Chisale kwamba alisema amemaliza, na haikuwa kweli. Hajakata. Anakata leo. Atamaliza Ijumaa saa sita. Kiingereza chake kilikuwa kinatetemeka, lakini kilisimama.

Mai Chisale alimsikiliza hadi mwisho. Halafu yule mama akasema maneno machache tu: kesho atakuja, atachukua kitambaa chake. Simu ikakatika.

Njia ya mwongo ni fupi, tunajua sote. Sikuwa najua kwamba hata ya msema kweli yaweza kuwa fupi hivyo. Nilitaka kumlaumu Niyigena na ukweli wake. Byamungu aliushika mkasi, akaulaza, akaushika tena. Kama angekiacha kitambaa kizima, Mai Chisale angekichukua, wangeachana salama, lakini hakuna fundi mjini ambaye angemaliza majoho kwa muda uliobaki. Kama angekikata na yule mama akamkataa, lingekuwa kosa juu ya kosa.

"Batoto beko na sherehe Jumamosi," akasema hatimaye. "Ile ni Jumamosi ya kweli, si ya muteja. Kama ananikatala, anikatale na majoho mukononi."

Akakata.

Walishona hadi jua likazama, yeye huku, Mukarutesi kule, mimi nikikimbiza vipande kuvuka njia na unga wa mandazi mikononi, nikikaripiwa pande zote mbili. Alfajiri walianza tena. Mai Chisale aliposhuka kwenye gari, asubuhi imeanza kupata joto, uso wake ulikuwa umefungwa kama duka Jumapili.

Byamungu hakumkimbilia wala hakujipendekeza. Alikuwa ameifuta meza yake na kupanga kila kitu juu, mafungu manne. Akasalimia kwa heshima, kisha akaweka mkono juu ya fungu la kwanza, akaongea Kiingereza, nami nakutafsiria.

"Haya nimemaliza." Akahamisha mkono. "Haya tunashona, mimi na huyu mama wa ng'ambo. Haya nimeyakata jana, bado kushonwa." Na fungu la mwisho, kitambaa kilichokunjwa, hakikujaza hata nusu ya meza. "Haya sijayagusa. Nitayamaliza kesho saa sita, na nitayaleta Likuni mimi mwenyewe."

Mai Chisale alianza fungu la kwanza, akageuza joho moja baada ya jingine, akavuta mashono kwa vidole vya mikono yote miwili kama mtu anayetaka ugomvi. Akaenda la pili, akakuta sindano bado imo. La tatu. La nne akalikunjua, akatazama kama kuna alama ya mkasi. Hapakuwa na alama. Alirudi nyuma akayatazama mafungu yote kwa pamoja, na sijui alikuwa anatafuta nini, labda neno moja la Byamungu ambalo halilingani na kazi. Niliomba Mungu kwa Kibembe, lugha ya mama yangu, kwa sababu jambo lilikuwa zito.

"Kesho saa sita," akasema. "Kesho hii tunayoijua, au kesho ya mafundi?"

"Kesho, Madam."

"Tutaona."

Akapanda gari, akaondoka. Hakuaga. Lakini kitambaa kilibaki mezani.

Ijumaa Byamungu alikuwa na kibali cha kutoka kambini, alikipangia foleni Alhamisi huku Mukarutesi akishona. Mimi nilikuwa na changu, cha kwenda hospitali ya misheni huko Likuni kwa ajili ya goti. Majoho yalikuwa kwenye bunda safi, yamepigwa pasi, yamefungwa kwa shuka ambayo mke wake anaitandika wageni wakija. Tulifika kituo cha Lumbadzi mapema, na hapo tukakwama. Basi dogo la kwenda mjini halikuwa limejaa, na dereva alikuwa anakula nsima, ugali wa huku, taratibu kana kwamba nchi nzima imefika inakokwenda.

Simu ikaita. Mai Chisale, anataka kujua tuko wapi.

Wewe msomaji unajua watu wanajibu nini. Yule kijana aliyekaa mbele yetu alikuwa ametoka kumwambia mtu kwamba yuko mjini tayari, anaegesha. Nilimwona Byamungu amefungua mdomo, nikaliona neno limefika kwenye meno. Akameza mate.

"Niko Lumbadzi, Madam," akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya wote kusikia. "Basi halijajaa. Hatujaondoka."

Abiria waligeuka kumtazama. Sidhani kama kituo kile kilikuwa kimewahi kusikia jibu la namna hiyo. Dereva naye akasikia, na sijui kama ni aibu au ni tonge la mwisho, akanawa mikono, akawasha gari.

Tulishuka Likuni saa sita haijafika. Shule ya Mai Chisale ina uzio wa matofali na bembea mbili, na kwenye baraza kulikuwa na meza. Juu ya meza kulikuwa na majoho. Mekundu, yamefifia, yamerundikwa na kofia zake. Niliyaona kabla ya Byamungu, nikamwona naye akiyaona. Mai Chisale alikuwa ameazima kwenye shule nyingine. Hakuwa ametuamini hata chembe, na kwa nini atuamini? Nikafikiria cherehani ile ikibebwa na mtu mwingine.

Byamungu alisogeza mekundu upande, kwa adabu, akaliweka bunda lake, akafungua fundo la shuka. Mai Chisale alitoka ofisini. Akatazama saa ya ukutani, akatazama bunda, akahesabu kimya kimya huku midomo ikicheza. Kisha akamwita mtoto mmoja wa kike, akamvalisha la buluu, akamwekea kofia. Ilikaa wima. Mtoto akajizungusha, joho likazunguka naye, akacheka akakimbia kuwaonyesha wenzake kabla hajavuliwa.

Mai Chisale akamgeukia mwalimu wake msaidizi, akamwambia jambo kwa Chichewa, na hata mimi na Chichewa changu cha nyanya nilielewa. Hayo mekundu yarudishwe yalikotoka. Leo hii. Yule mwalimu akayakumbatia yote kwa mara moja, akatoka nayo getini, kofia moja ikamwanguka njiani akarudi kuiokota.

Nililia. Sioni aibu kusema. Nililia kwenye baraza la watu nisiowajua, na goti langu likasahau kuuma.

"Sare za shule," akasema Mai Chisale, sasa amekaa, ametuletea viti. "Utazimaliza lini?"

Byamungu alifikiri. Ndege walilia kwenye bati, watoto walipiga kelele, na yeye akafikiri tu.

"Sijui, Madam," akasema. "Sijawapima watoto."

Yule mama alicheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. "Mafundi watatu wameshaniambia wanakaribia kumaliza," akasema, "na mimi hata kitambaa sijanunua." Akajifuta macho kwa kiganja, akasimama, akapiga makofi mara mbili.

Watoto wakatoka madarasani wakapanga mstari uliopinda, wakisukumana. Byamungu akakunja mikono ya shati, akapiga goti kwenye sakafu ili awe kimo chao. Wa kwanza alikuwa mtoto mnene mwenye kamasi, akasogea mbele, akainua mikono yake yote miwili juu, akasubiri apimwe.